Uso wa Magreth Ujaze Kioo Kizima

Benchi la kahawa la mtaa wa Majengo liko mbele ya duka la kompyuta la Ashif, na asubuhi ile wateja wa Godwin, muuza kahawa, walikuwa wameipa barabara mgongo, wakitazama ndani ya duka. Ndani, Ruth alikuwa akitengeneza programu ya kuonyesha picha za marehemu mama yake, Magreth, kwenye ibada ya kesho ya kumaliza msiba. Baba yake, Ndelilio, aliyekaa benchini na wenzake, aliomba jambo moja tu: uso wa mkewe ujaze kioo kizima, usizungukwe na vidude. Lakini kila mara programu ilipofunguka, Magreth alikaa ndani ya kidirisha, na chini yake ukanda wa kijivu wenye saa.

— Kioo kimevimba katikati, picha inateleza, — alisema Yakobo, waliyemwita Fundi Redio.

— Kivimbe gani, bwana! — alidakia Kornel, maarufu kwa jina la Mahesabu. — Ukanda ule una waya wake. Ukatwe! Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo inaingiaje hapo? — aliuliza Fundi Redio.

— Si tunataka kujaza?

— Aisee, msiguse ile saa, — Fundi Redio alionya. Kompyuta ikikosa saa inasahau mwaka. Kesho itatuambia bado tuko enzi za Mjerumani!

Ndelilio hakucheka. Kahawa ilikuwa imepoa mkononi mwake.

— Baba, nimeona kosa langu, — alisema Ruth bila kugeuka. — Nilikuwa naliambia dirisha lipanuke, nikaliachia fremu, ule mpaka unaolizunguka. Ngoja lianze kwa kuivua.

Aliandika mistari miwili, akabonyeza. Fremu, ukanda, saa, vyote vikatoweka. Magreth akabaki peke yake, kutoka ukingo hadi ukingo, na lile tabasamu lake la kutaka kumkosoa mtu.

— Aisee! — Fundi Redio alisimama. — Mtoto huyu ni hatari!

Mahesabu alivua kofia. — Mzee Ndelilio, umezaa.

Ndelilio aliitikia kwa kichwa.

Hapo akafika Hilaria, mdogo wa marehemu, na mkungu wa ndizi kutoka Kibosho. Alimsalimu shemeji yake, akautua mzigo, akaitazama picha kwa muda mrefu.

— Amejaa kweli. Sasa mkimaliza, mnaifungaje? Sioni pa kufungia.

Kialama cha kufungia kilikuwa kimeondoka na fremu. Ruth angeweza kuandika kingine. Vidole vilikuwa tayari juu ya vitufe. Akamgeukia baba yake, akangoja aambiwe kama akiandike.

Ndelilio hakuondoa macho usoni pa mkewe. Mahesabu alichunguza kofia yake. Godwin aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, lakini halikutoka hata tone.

Hakuna aliyeinuka, wala aliyetaka picha ile ifungwe.