Pindo la Mwakani

Fundi cherehani aliinua picha ya eksirei kwenye dirisha la basi. Abiria wa kando, asiyejua kujizuia, akauliza, "Shingo ya nani hiyo, dada?"

"Ya binti yangu. Taya lake la chini limebaki nyuma, nikampeleka kwa daktari wa meno."

"Meno na shingo, wapi na wapi?"

"Pingili za shingo zinaonyesha kama mtoto bado anakua. Zake zimeshakomaa. Kifaa cha kulivuta taya kingemfaa angali anakua."

"Si ungempeleka mapema?"

"Kila mtu aliniambia ningoje akue. Kumbe kungoja ndiko kulikomponza."

Basi likasimama. Fundi akairudisha picha ndani ya mfuko, juu ya sare mpya ya binti, aliyoiachia pindo pana la kuteremsha mwakani.