Bi Mizani Atoa Maoni Yake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa ukumbi wa kusomea wa maktaba yetu anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Jina lake kamili liko kwenye faili la utumishi. Sisi na wasomaji tunamwita Bi Mizani, naye huitikia. Nimeombwa niandike wasifu huu na kuusoma mbele yenu kwa sababu tumekaa naye kaunta moja muda mrefu kuliko wengine, na kwa sababu, kama alivyosema mkurugenzi, nina domo. Sikatai.

Alianzia chumba cha ukarabati, kule nyuma karibu na tangi la maji, akibandika migongo ya vitabu iliyoachana. Gundi ya wakati huo ilikuwa ya kuchemsha, na wenzake wa siku hizo wanasema alikuwa akirudi nyumbani vidole vimeshikana. Kutoka hapo akapelekwa kona ya watoto, kisha kaunta ya kuazimisha, na huko ndiko alikopata sifa ya kuwatoa watu jasho. Hakumfokea mtu aliyechelewesha kitabu. Alimtazama tu juu ya miwani, na mtu mzima na ndevu zake alianza kujieleza mwenyewe, akaeleza na mambo ambayo hakuna aliyemuuliza.

Ndani ya vitabu vilivyorudishwa ameokota kitana, soksi ya mtoto, mswaki uliokuwa alama ya ukurasa, na siku moja cheti cha ndoa. Hicho alikipeleka mwenyewe kwa wenyewe. Akawakuta wamenuniana, akakiweka mezani, akaaga. Wanandoa hao bado ni wanachama wetu, wote wawili kwa kadi moja. Na mwaka ule paa lilipovuja, ni yeye aliyevua viatu na kuwapanga wasomaji ngazini wapokezane vitabu kuvishusha chini. Hata jamaa aliyekuja kusoma gazeti tu alijikuta amekumbatia ensaiklopidia.

Lakini kazi inayotufanya tutembee vifua mbele ni Baraza la Wasomaji, aliloanzisha kwa viti vya kuazima na birika moja la chai. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu hukaa duara kujadili kitabu kimoja. Kanuni ni mbili. Wasiokipenda kitabu husema kwanza, ndipo wafuate waliokipenda. Na mwenyekiti, yaani yeye mwenyewe, hatoi maoni yake, si siku hiyo wala siku nyingine. Alikuwa na sababu: msomaji, alisema, humtazama mkutubi usoni kabla hajajiuliza mwenyewe, na mkutubi akisifia, aliyechoshwa na kitabu anaona haya kusema kimemchosha. Ndivyo alivyopata jina lake.

Tulijaribu sana kumtega. Alipokuwa anakwenda likizo tulimwekea riwaya mbili mezani tuone atachagua ipi. Alichukua zote mbili, akazirudisha pamoja, akatushukuru.

Halafu ikaja ile riwaya ya mahakamani. Sina haja ya kuitaja, maana nyote mmeisoma, na wasioisoma wanasema wameisoma. Kwa wageni wetu wa leo: wakili mmoja wa kike anamtetea mkandarasi ambaye jengo lake limeporomoka na kuua watu. Katikati ya kesi anagundua kwamba shahidi wake mkuu anadanganya. Ananyamaza, anashinda, na kwenye ukurasa wa mwisho amesimama mbele ya mlango wa jaji, mkono uko kwenye kitasa, na kitabu kimeisha. Foleni ya kuiazima ilitutoa roho. Kinyozi wa jirani alinunua nakala yake, akawa anawaazimisha wateja bila kibali wala aibu.

Jina lililo juu ya jalada si la mwandishi mwenyewe, ni la bibi yake. Wasomaji hawakujua mwenye kazi ni nani, ila sisi wa kaunta tulijua vizuri: ni binti pekee wa Bi Mizani, aliyekulia kwenye kona yetu ya watoto, akasomea sheria, akafanya uwakili miaka kadhaa, kisha akavua joho akakaa kuandika. Nakala ya kwanza alimletea mama yake. Bi Mizani alimkumbatia, akampa hongera, akamuuliza kama amekula. Basi. Kitabu kilikuwa kimeshaingia rafuni kwetu, na kanuni ni kanuni.

Binti alisubiri. Watu wasiomjua walimwambia kila kitu kuhusu kitabu chake, kizuri na kibaya, lakini msomaji anayemheshimu kuliko wote hakumwambia neno. Alinieleza pale kaunta, huku anajichekesha, kwamba sasa ameshaamini mama hakukipenda na anaona huruma kumwambia.

Baraza lilipokichagua, watu walijaa mpaka madirishani. Binti alikaa safu ya nyuma kabisa, kilemba kimemshuka usoni. Wa kwanza kusimama alikuwa hakimu mstaafu, aliyesema hakuna mahakama ambako shahidi angeingizwa kiholela namna ile, na kwamba yeye angemtoa wakili huyo nje pamoja na mkoba wake. Mwalimu wa hesabu akasema ametapeliwa: kurasa zote zile, na jibu halipo. Kisha akasimama muuguzi wa wodi ya majeruhi, mwanamke asiyesema sana. Alisema tunajua wakili anavaa viatu gani, tunajua hata paka wa mkandarasi anaitwaje, lakini waliokufa chini ya zege ni idadi tu. Yeye huwapokea watu wa namna hiyo, na kila mmoja ana ndugu anayemuulizia mlangoni. Alikifunga kitabu katikati na hakukifungua tena.

Waliokipenda nao hawakukubali kushindwa. Fundi cherehani alisema mambo ya utaratibu wa mahakama hayajui. Anachojua ni kwamba aliunguza suruali ya mteja kwa pasi kwa sababu ya kitabu hiki, na hajuti. Dereva wa lori alisema mwisho ule ndio uliomfaa, maana amebishana na nafsi yake safari nzima na redio hakuigusa. Kisha fundi akamgeukia mwenyekiti, akamwomba kwa niaba ya wote avunje mwiko, leo tu. Kule nyuma, binti akainua uso.

Bi Mizani alivua miwani, akaifuta, akauliza msemaji anayefuata ni nani. Binti aliondoka kabla ya chai.

Nasema wazi kwamba nilikasirika. Nilimfuata Bi Mizani jikoni nikamwambia kanuni haikutungwa imtese mtoto wa mtu. Alikuwa anaosha vikombe.

"Nikimsifia leo, kesho wakijua ni mwanangu watasema zilikuwa sifa za mama," alinijibu. "Na wote waliokipenda kweli wataonekana walinifuata mimi. Niache nimalize muda wangu."

Akaendelea kukiosha kikombe kilichokwisha takata. Nami nikachukua kitambaa nikaanza kukausha.

Jumamosi iliyopita lilikuwa baraza lake la mwisho. Aliomba jambo moja tu, kwamba kitabu cha siku hiyo kiwe kilekile, na binti yake alimwalika mwenyewe kwa simu. Tulipokwisha kukaa alisimama, akatangaza kwamba kiti cha mwenyekiti ananiachia mimi, akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki kati ya fundi na muuguzi. Nikafungua kikao, nikawaita wasiokipenda kitabu. Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wake.

Kwanza aliwaambia wote kwamba mwandishi ni mwanawe wa kumzaa, ili kila mtu ayapunguzie uzito maneno ya mama huyo kwa kiasi anachoona kinafaa. Hakimu alikohoa, nadhani alikuwa anakumbuka aliyoyasema. Kisha Bi Mizani akasema muuguzi alikuwa na haki. Sura ile ya jengo, alisema, iliandikwa na wakili aliyezoea kuhesabu marehemu kwenye hati ya mashtaka, na mwandishi alipaswa kumwomba wakili huyo aliye ndani yake apishe. Aliyasema polepole, bila ukali, akimtazama binti yake. Binti aliyapokea ameinamisha kichwa. Mimi nilitamani kengele ya moto ilie.

Nikawaita waliokipenda. Mkono uleule ukanyooka tena. Tangu baraza lianze hakuna aliyesema pande zote mbili, lakini kanuni haikatazi, nikampa nafasi.

"Nimeazimisha vitabu hapa tangu ujana wangu, na mkono wangu ni mwepesi kutoa," alisema. "Hiki, kila kilipochukuliwa, nilikisindikiza kwa macho mpaka mlangoni. Kilipochelewa kurudi niliogopa. Kuna mistari yake inanijia nikiwa napika, nasimama na mwiko mkononi. Nimekipenda, mwanangu. Na huo mkono kwenye kitasa, asikushawishi mtu yeyote uutoe."

Binti alikatiza katikati ya duara, jambo lisiloruhusiwa mjadala ukiendelea, na mwenyekiti mpya, katika kitendo chake cha kwanza kazini, alijifanya anatafuta kalamu. Fundi alikuwa analia waziwazi. Muuguzi alisogea kiti kimoja ili binti apate pa kukaa, karibu na mama yake.

Bi Mizani, tunakushukuru kwa vitabu ulivyovifufua, kwa wasomaji uliowaacha wajiamulie, na kwa kutufundisha sisi wenye midomo kuifunga mara mojamoja. Tunajivuna kusema tulifanya kazi na wewe, na tutalisema hilo hata pasipohitajika. Tunakutakia afya njema, macho yasiyochoka, na siku ndefu za kusoma unachotaka kwa mwendo unaoutaka. Ulitusikiliza miaka yote hiyo bila kutukatiza. Sasa sema wewe, mama, tumekaa, tunasikiliza.