Bi Mahfudha na Farasi wa Madoadoa

Ijumaa hii, tarehe 29 Mei, Bi Mahfudha Athman anaegesha lori lake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka ishirini na miwili ya kusafirisha farasi baina ya Fort Worth na Houston. Sisi wenzake wa karakana ya malori tulimsihi aongeze mwaka mmoja. Alicheka tu.

Alizaliwa Mombasa, akahamia Lewisville, jirani na Fort Worth, na mumewe. Alipoajiriwa, farasi kwake walikuwa farasi tu. Muda si muda akawa anatusomesha sote aina za farasi! Quarter Horse amechanganya damu ya farasi wa Kiingereza na wa Kihispania. Kasi yake katika robo maili ndiyo iliyompa jina, na ng'ombe hajageuka yeye keshajua anakoelekea. Mustang ni kizazi cha farasi wa Wahispania waliopotelea porini: kwato ngumu, ubishi mwingi. Morgan wote chimbuko lao ni dume mmoja wa New England, nao ni wapole kupita kiasi. Mteja aliyepanda naye lori alishuka Houston akiwa amepata darasa zima.

Lakini kisa tusichochoka kukisimulia ni cha mafuriko ya Katy, mji ulio karibu na Houston. Loice, muuguzi Mkenya anayefuga farasi huko, alitupigia simu maji yakiwa mlangoni mwa banda. Mimi na Bi Mahfudha tulikuwa Houston na treila tupu, tukakimbia. Morgan alipanda bila matata. Quarter Horse wawili wakafuata. Akabaki jike wa Appaloosa, mwenye madoadoa kiunoni. Akagoma, akarudi nyuma kwa nguvu na kumwangusha Bi Mahfudha topeni.

"Mwacheni! Mtakufa maji hapa!" Loice alilia.

Bi Mahfudha aliinuka, akachungulia ndani ya treila. Appaloosa ni aina iliyokuzwa na Wahindi Wekundu wa Nez Perce, na baadhi ya farasi hao hawaoni gizani. Wingu lilikuwa jeusi, na ndani ya treila kiza kitupu.

"Polycarpe, fungua mlango wa mbele! Washa taa zote!" aliniamuru.

"Mama, maji yanapanda!"

"Washa, nimekwambia!"

Niliwasha. Jike akasimamisha masikio, akanusa, akaweka mguu mmoja, kisha akaingia mzima. Tukapiga kelele kama waliofunga bao! Wote wanne walifika Fort Worth salama. Mwaka uliofuata jike yule alizaa, na Loice akampa mtoto jina la Mahfudha.

Sasa mshangae: miaka yote hiyo Bi Mahfudha hakuwahi kupanda farasi! Jumamosi iliyopita tulimkalisha juu ya Tennessee Walking Horse, aina inayosifika kwa mwendo laini usiomrusha mpandaji. Alizunguka uwanja ushungi ukipepea, akacheka hadi machozi, akakataa kushuka.

Asante kwa yote, Mama. Mungu akujaalie afya na raha tele. Na Jumatatu usichelewe: tumekuandikisha darasa la kupanda farasi.