Bado Kidogo na Gemu Zake Nne

Ndugu zetu, majirani na wafanyakazi wenzake, mimi ni dada wa marehemu, fundi cherehani, na kabla ya kusoma tarehe zake naomba niseme kitendawili alichotuachia, ambacho hadi leo sijakitegua: mama alitulea kwa kusema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini gemu mbaya kuliko zote alizotengeneza mdogo wangu ilinunuliwa na watu ambao hawajaiona, na iliyokuwa nzuri kuliko zote ikakataliwa na watu ambao hawakuifungua.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa pili kati ya wanne, akamaliza shule ya msingi mwaka 1992, sekondari mwaka 1998, na chuo cha kompyuta Novemba 2001. Alifanya kazi miaka saba katika kiwanda kidogo cha uchapaji, na tarehe 19 Agosti 2006 akafunga ndoa na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mwaka 2008 na mvulana mwaka 2011. Tarehe 6 Mei 2009 alifungua studio yake ya gemu, vyumba viwili juu ya duka la magodoro, yeye na mchoraji mmoja.

Studio ilikuwa na sheria moja, kwamba gemu haitoki mpaka mimi niicheze hadi mwisho, kwa sababu, alisema, dada hajui kompyuta wala hajui kunionea haya. Walioulizia gemu aliwajibu "bado kidogo", na jina hilo likamganda. Ya kwanza, ya tarishi anayepeleka barua katika mji wa vilima, ilitoka mwaka 2011 na ikapendwa mno. Ya pili ilikuwa imeshatangaziwa siku, nami nilikuwa nimezama katika sare za shule, akaitoa tarehe 3 Oktoba 2014 bila mimi, watu wakainunua asubuhi kwa kuliamini jina la studio, na kufika jioni ilikuwa inawafutia yote waliyocheza. Ya tatu niliicheza mara mbili, sikuona kasoro, lakini ilipotoka mwaka 2017 wengi walisema aliyetafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, wakaiacha bila kuifungua.

Marafiki walimshauri abadili jina la studio, akakataa, akasema jina likichafuka hufuliwa, halitupwi, na kwa miaka mitatu aliirekebisha ile ya pili bila malipo, akimjibu kila mlalamikaji mmoja mmoja. Aliyemwita tapeli kuliko wote ameketi nasi leo, nasi tunamshukuru kwa kuja.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2022, akalazwa tarehe 20 Mei 2023, siku kumi na mbili kabla ya siku iliyotangazwa ya gemu ya nne kutoka, nami nikaacha kuicheza ili nimuuguze. Alifariki tarehe 9 Juni, saa kumi na mbili asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliowalaza watoto wetu kwao, na mwenye duka la magodoro aliyefunga duka siku tatu.

Mchoraji alipomuuliza wodini kama waitoe hivyo hivyo, marehemu aliamua isubiri, mchoraji akatangaza kwamba imeahirishwa, akatukanwa, akavumilia. Juzi niliimaliza, nikakuta mlango mmoja wa ghala usiofunguka, na jana mchoraji aliurekebisha, nikaurudia, ukafunguka. Itatoka Jumatatu, kwa jina lile lile la studio.

Pumzika, mdogo wangu, nimeicheza hadi mwisho.