Gumba Langu na Kurasa za Lori la Majani

Chamgei, ndugu zangu! Kaeni, kaeni, sina mahubiri. Naona wengine mnaangalia huu mkono. Angalieni tu, ndio umenisimamisha hapa.

Miaka ile ya tisini nilikuwa mpiga chapa pale Litein, na nawaambia, nilikuwa moto! Taipureta ikilia, watu wa sokoni wanasimama dirishani. Hata leo natamani ile harufu ya wino na mandazi ya jirani. Halafu siku moja nyumbani Boito, nikikatia ng'ombe nyasi, mashine ikanichukua vidole. Kulia likabaki gumba. Kushoto kikabaki kidole kimoja chenye nguvu. Woi! Kupiga chapa siwezi, kuchuma chai siwezi. Nililia, wacha niseme ukweli.

Ofisi ya wakulima ikanichukua. Intaneti ilikuwa ndiyo imefika, inapitia waya wa simu, inapiga kelele kwanza ndio ishike. Kila kituo cha kununua majani kilikuwa na ukurasa wake unaosema lori litafika saa ngapi. Makarani wa Sigowet, wa Boito na kwingineko wanaufungua, wanawatangazia wakulima. Mimi ndiye nilikuwa naandika kurasa hizo, mmoja mmoja. Mvua ikiharibu barabara, narudia zote. Kwa gumba, jamani!

Siku moja lori lilikwama kwa matope, na mimi sikuwa nimefikia ukurasa wa Boito, bado ulionyesha saa ya zamani. Mama yangu mzazi alikuwa amechuma tangu asubuhi. Akangoja kituoni hadi majani yakapata moto kikapuni, yakawa mekundu. Akayamwaga. Alirudi nyumbani akakaa mlangoni, hakuniuliza kitu. Aliyeuliza ni mkubwa wangu: "Tukupe hadi mwisho wa mwezi, ama tutafute mwenye vidole?"

Basi Mungu akaniletea mama mmoja, mwalimu wa kompyuta, mtu wa upande wa Kisii. Huyo hakuwa na huruma hata kidogo, na nilikuwa nimechoka na huruma.

"Ukienda hoteli," akaniuliza, "chai inakungoja mezani tangu jana?"

"Hapana, mwalimu. Naagiza."

"Sasa mbona unaandika kurasa kabla hazijaagizwa? Anayefungua ukurasa ameagiza. Ile kompyuta inayojibu, seva, ndiyo jikoni. Weka programu huko, ipike ukurasa mtu akiuliza."

"Na nani ataandika programu kubwa hivyo? Hili gumba?"

Akacheka. "Kituo cha Boito kina nini?"

"Mzani, meza ya kupangia majani, mahali pa lori."

"Na Sigowet?"

"Vile vile."

"Kwa hivyo kila asubuhi mnajenga banda jipya?"

"Hapana, mwalimu. Lilijengwa mara moja."

Ndugu zangu, banda kama hilo ndilo mafundi wanaita kiunzi. Yale mambo kila tovuti inahitaji, kupokea ombi, kujua liende wapi, kutoa habari zilikohifadhiwa, kuzipanga kwa ukurasa, yanajengwa mara moja kama banda. Wewe unaleta majani yako tu. Tukajenga letu polepole, tukinywa chai ya maziwa na kubishana. Ile bidii ya siku zile, aki naikumbuka.

Mvua ikarudi, na barabara ikakatika. Nikaandika mstari mmoja: malori yote yatafika jioni. Kurasa zote zikajibu hivyo. Karani wa Boito akatangaza mapema, na mama zetu wakachuma baada ya chakula cha mchana. Jioni mama akaingia na kikapu kitupu, majani yote yamepokelewa. Akakigeuza nione ndani, akacheka hadi akakaa chini. Mkubwa hakuuliza tena habari ya vidole.

Baadaye hata kompyuta ya ofisi ya Kericho ikawa inauliza yetu moja kwa moja, "Boito saa ngapi?", inajibiwa saa peke yake, bila ukurasa, bila mtu kubonyeza. Huduma ya wavuti, ndiyo hiyo.

Kwa mwalimu yule, popote alipo, kongoi, asante. Kwa nyinyi mlionifungia vifungo vya shati bila kunicheka, kongoi mising. Na wewe uliyeumia juzi, unayekaa huko nyuma: usihesabu kilichokatika. Uliza ni kazi gani unairudia bure.

Mama alishatutoka. Kile kikapu kimening'inia jikoni kwangu, na sitaki mtu akiwekee kitu ndani.