Historia ya Dada Yetu, Katibu wa Maji ya Juu na ya Chini

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika kutufariji, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, kazi ambayo ningeikimbia kama ningekuwa na pa kukimbilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kule juu mto unakoanzia, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa seremala na mkewe, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya msingi iliyopakana na uwanja wetu kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya bweni hadi 1978, ambako, kwa maelezo yake mwenyewe, alifaulu kila somo isipokuwa kunyamaza. Mwaka 1980 alihitimu chuo cha ukarani, akaajiriwa ofisi ya maji, katika chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha lisilofungika, akakaa humo hadi alipostaafu mwaka 2016.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi cherehani wa huku chini, wakajaliwa watoto wawili, wa kiume ambaye ni dereva wa lori, na wa kike ambaye ni mwalimu, na wajukuu watatu. Ndoa hiyo ilimfanya awe mtoto wa juu na mkwe wa chini, na ndiyo maana mwaka 1997, ukame ulipobana na watu wakaanza kuviziana kwa mapanga kwenye lango la mfereji unaochepusha maji ya mto kwenda mashamba ya juu, pande zote mbili zilikubali awe katibu wa kamati ya maji, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine ambaye wote walikuwa tayari kumfungulia mlango.

Mikutano ya kamati, tuseme ukweli, ilikuwa ya kunywa chai na kununiana. Kazi yenyewe dada aliifanya majikoni kwa watu, akienda kumjulia hali mgonjwa au kumpongeza mzazi, akipenyeza neno katikati ya salamu, kwamba wa juu wafunge lango Jumatano ili maji yashuke, wa chini wasilime hadi ukingoni, na msitu wa chemchemi usiguswe hata fito. Shemeji yangu, ambaye yuko hapa, alizoea kusema kwamba alioa kamati, mke akapewa kama nyongeza.

Mwaka 2014 alikuja mtafiti, akamuuliza kila mjumbe huwa anazungumza na nani kuhusu maji, akachora majibu ubaoni, viduara na mistari, na mistari yote ikaishia kwenye kiduara kimoja cha katikati, akatuambia kwa upole kwamba hicho kikifutika hakuna kinachobaki. Sisi tukadhani anamsifu dada, tukapiga makofi. Dada peke yake hakupiga, na tangu siku hiyo alihangaika kumkalisha meza moja mwenyekiti wa juu, ambaye sote tunamwita Kizibo, na mwenyekiti wa chini, Mama Bustani, lakini mmoja akija, mwingine anapata udhuru.

Januari 2022 figo zake zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu, na Aprili mwaka huu akalazwa. Wa juu walimpigia kuuliza wafunge lini, wa chini walimpigia kuuliza maji yako wapi, simu ikilia naye ana mirija mkononi, na hakuna aliyefikiria kumpigia mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na namba ya mwenzake. Lango likabaki wazi, mboga za chini zikakauka, watu wakapanda na magunia ya mchanga kuuziba mfereji wa juu, wakaumizana.

Ombi lake la mwisho lilikuwa wenyeviti wale waje kumwona pamoja. Walikuja siku moja, ni kweli, lakini Mama Bustani alipomwona Kizibo yuko ndani, alikaa kwenye benchi la nje hadi mwenzake alipotoka. Mlango wa wodi ulikuwa wazi, dada akaona yote, akageukia ukutani. Ilituuma, na bado inatuuma. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Mei 2023, alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia na kulala nasi, na wenzake wa ofisi ya maji waliogharamia jeneza.

Jana wajumbe wa juu walimjia mpwa wangu, yule mwalimu, wakamwomba ashike nafasi ya mama yake na namba ya simu ibaki ile ile, na kabla chai yao haijapoa wakafika wa chini na ombi hilo hilo. Ndilo jambo la kwanza mlilokubaliana tangu dada alazwe, na familia imelikataa. Binti yetu hatumtoi. Wenyeviti, mmekaa mbalimbali kama kawaida yenu, tunaomba mlibebe jeneza wote wawili mbele, mmoja kulia na mwingine kushoto, na mkiwa njiani mzungumze habari za lango, maana wa kuwapelekea maneno ndiye huyo mtakayekuwa mmembeba.

Dada, pumzika sasa kwa amani. Simu tumeizima.