Madaktari Wanafundishwa Ulevi

Kwenye benchi la Luhaga, muuza kahawa wa Igoma, kila asubuhi hukaa watu wale wale, kwa imani moja: kwamba vikombe viwili vya kahawa chungu huosha gongo, ile pombe kali, ya jana. Mihayo ndiye aliyeishika imani hiyo kuliko wote. Walimwita Askofu, maana aliongoza sala za jumuiya, na Mungu anajua aliziongoza huku kahawa ikimfichia harufu ya pombe mdomoni. Asubuhi hiyo miguu yake ilikuwa imevimba hata kamba za viatu hazikufungika. Lakini nani angetazama miguu? Chenge, mpanga viti wa ukumbi wa mikutano, alikuwa amefika mbio.

— Jamani! Madaktari wa mkoa mzima wako ukumbini tangu jana, wanafundishwa ulevi!

— Wafundishwe tena? akadakia Nkwabi, waliyemwita Mbunge. Mbona wengine wameshahitimu!

— Nyamaza, Mbunge. Mwalimu wao kasema ulevi umo kwenye damu. Unarithiwa, kama pua!

Mihayo akaruka nusu ya benchi. Baba yake alikufa kwa pombe, tumbo limejaa maji.

— Rudia hapo, Chenge!

— Unarithiwa!

— Kumbe! Miaka yote naungama dhambi ya marehemu baba!

Mbunge akasimama.

— Ushahidi ninao. Juzi juzi niliongezewa damu Sengerema, chupa mbili za mtu wa Bukoba. Tangu hapo nikinusa rubisi, ile pombe yao ya ndizi, miguu inakwenda yenyewe!

— Na kabla ya hapo? akauliza Chenge.

— Ilikuwa inakwenda kwenye gongo.

— Basi kabla ya kupokea ng'ombe wa mahari, ukoo wa bwana harusi uonyeshe ini! akadakia mmoja wa benchi.

— Na hili soko huria je? akaongeza mwingine. Bia za kila nchi madukani! Wametupima damu, wakaona sisi wateja wa kuzaliwa!

— Askofu, nenda ukatolewe damu ya mzee wako, utiwe ya sista!

Benchi likalia kwa kicheko. Mihayo alicheka kuliko wote. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kosa.

Pembeni mama mmoja mwenye jalada kwapani alikuwa akinywa kahawa yake. Akamgeukia Mihayo.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mama.

— Naitwa Leonsia, ni daktari, naelekea huko ukumbini. Kweli, wapo wanaorithi wepesi wa kunaswa na pombe. Lakini hawarithi kikombe mkononi. Miguu hiyo umeionyesha hospitali?

— Mara tatu. Nikapewa vidonge.

— Walikuuliza habari za pombe?

— Hata mmoja hakuuliza. Wa mwisho alisikia naitwa Askofu, akaniomba nimwombee.

Leonsia akashusha pumzi.

— Hata mimi nilikuwa siulizi. Kuuliza ndiko tulikofundishwa jana. Basi nakuuliza, baba: wiki iliyopita, ni siku zipi hukunywa?

Mbunge akatazama viatu vyake. Mihayo akakunja ngumi ili ahesabu, anyooshe kidole kwa kila siku asiyokunywa. Akaanza na Jumapili. Akakumbuka alikopita baada ya misa. Jumatatu. Jumanne. Akafika Jumamosi, ngumi bado ngumi.

Luhaga akainamisha birika amwongezee. Mihayo akaufunika mdomo wa kikombe kwa ngumi ile ile.

— Acha, Luhaga. Hii haioshi. Daktari, hakuna. Andika hivyo: hakuna.

Akaanza kuvua viatu, amwonyeshe miguu.